Nafasi Mbele ya Nguzo Iliyoinama

Mume wangu Radek alimzungushia uzio bibi wa watu, alfajiri, katika ukungu, bila kumwona. Nimesikia maelezo ya pande zote mbili, tena mara nyingi, na yanatofautiana katika jambo moja tu. Radek anasema bibi alikuwa amelala. Bibi anasema alikuwa macho tangu mwanzo, na alimwacha apigilie mpaka mti wa mwisho kwa sababu alitaka kuona upumbavu wa mwanamume unaishia wapi.

Ili hilo lieleweke, lazima nianze na mtoto.

Mwaka uliotangulia, binti yetu Kalina, aliyekuwa na miaka minane, alipata rafiki pwani. Sisi huenda bahari ya Baltiki kila Agosti. Tunapiga hema katika kambi ileile chini ya misonobari, na asubuhi tunavuka matuta ya mchanga kwenda ufukweni. Rafiki huyo aliitwa Tosia, wa kutoka mji wa Łódź, rika moja na Kalina, na wazazi wake walikuwa wametandaza vitu vyao upande wa pili wa pazia letu la upepo, kile kitambaa kirefu cha mistari kinachosimamishwa kwa miti mchangani. Wasichana walichimba. Walichimba mpaka tulipowaita kula, na baada ya kula wakarudi kuchimba. Sisi watu wazima tulisalimiana kwa kichwa juu ya kitambaa, kama ilivyo adabu. Jirani wa pazia haulizwi jina. Mimi na Radek tuliwaita watu wa mamba, kwa kuwa walikuwa na mamba wa kujaza upepo, mrefu kuliko baba mwenyewe.

Siku yao ya mwisho ilikatishwa na dhoruba. Kila mtu alizoa vyake na kukimbia, na katika vurugu hiyo ndoo ya njano ya Kalina ikaondoka na Tosia, na koleo jekundu la Tosia likabaki kwetu. Nilitarajia machozi. Hayakutoka.

"Tumeshapanga," Kalina alisema garini, nywele zikimchuruzika maji. "Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Mahali palepale."

"Palepale wapi?"

"Mama! Mbele ya nguzo iliyoinama."

Kwenye ufukwe ule kuna safu za nguzo za mbao zinazoingia baharini kuvunja mawimbi. Safu moja ina nguzo iliyolala upande, kama mlevi aliyeegemea kaunta, na shakwe hakosekani juu yake.

"Ulichukua namba ya simu ya mama yake?"

"Ya nini?" akauliza.

Mimi ni mfamasia. Kazi yangu imenizoesha kutaka uthibitisho, na ahadi ya watoto wawili wa miaka minane waliosimama mvuani, wasiojuana hata jina la ukoo, si uthibitisho wa kitu chochote. Nilimwambia Radek hivyo.

"Sisi tutakuwepo," akasema.

"Sisi, ndiyo. Nazungumzia wao."

"Sisi tutakuwepo," akarudia, kana kwamba hiyo ilikuwa nusu ya kazi na nusu nyingine ilikuwa ya mtu mwingine. Nikikumbuka sasa, hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko yangu.

Koleo lilioshwa, likakaa majira yote ya baridi kwenye rafu juu ya kitanda cha Kalina. Hakulichezea. Mwezi Mei alianza kuuliza siku ya Jumamosi ya kwanza itaangukia tarehe gani. Mwezi Julai alilifunga kwenye taulo na kuliweka chini kabisa ya mkoba wake, ndipo nikaelewa kwamba kwa mtoto huyu safari nzima, hema, bahari, keki bapa za gofri na mahindi ya kuchemsha, vilikuwa mapambo tu pembeni mwa siku moja.

Na siku hiyo ilitegemea nafasi. Ufukwe wetu, Jumamosi ya Agosti, ukiutazama kutoka juu ya matuta, huoni mchanga. Unaona vitambaa vya mistari, mwanzo hadi mwisho, kila familia imejifungia ndani ya pazia lake kama karanga kwenye ganda. Mtoto anayemtafuta mtoto humo hana anwani nyingine isipokuwa nguzo. Tungekaa mbali kidogo tu, Tosia angepita nyuma ya mapazia asione kitu, na ingekuwa sawa na kutokuja.

Kwa hiyo Radek aliamka usiku ungali usiku. Jioni iliyotangulia alikuwa ameshachonga upya ncha za miti ya pazia na kuiweka nyundo ya mpira karibu na mto, kama bwana harusi anayeogopa kusahau pete. Alipofungua zipu ya hema, ukungu ukaingia.

"Utaiona nguzo?" nikamuuliza.

"Nitaisikia," akasema. "Ina shakwe."

Aliisikia kweli. Nampa haki yake: katika ukungu ambao mtu hakuweza kuona viatu vyake, alifika mahali penyewe hasa. Alichomeka mti wa kwanza, akakunjua kitambaa, akapigilia wa pili, wa tatu, akazunguka kwa duara pana ili familia mbili zitoshe, na kuufunga mduara. Katikati aliona kitu cheusi kimejikunja chini. Alidhani ni gogo lililotupwa na bahari. Aliwaza kwamba litafaa kuwekea chupa ya chai.

"Umeshamaliza?" gogo likauliza.

Nyundo ilimwangukia mguuni.

"Nani?"

"Nani wewe. Mimi nilikuwepo."

"Hapa?"

"Hapa ndani. Umenifungia kama kuku."

Alisogea karibu. Alikuwa bibi kwenye kiti kifupi cha kukunja, amejifunika blanketi la kahawia mpaka kidevuni, kofia ya sufi imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Samahani sana, mama. Sikukuona. Nilidhani ni gogo."

"Gogo."

"Ni ukungu, mama."

"Marehemu mume wangu aliniita mengi, Mungu amrehemu, lakini gogo hakuwahi."

Radek akajitolea kumhamishia kiti chake hapo jirani, palipo pazuri zaidi.

"Pazuri zaidi?" bibi akasema. "Basi nenda wewe, kijana, ukafaidi."

"Mama, kwa heshima zote, nafasi hushikwa kwa pazia. Kila mtu analijua hilo."

"Kitambaa kina matako?"

"Nini?"

"Nauliza, kitambaa kina matako? Nafasi hukaliwa. Mimi nimeikalia."

Niliwahi kulitafakari shauri hili kwa utulivu. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ufukwe ni wa wote. Ila kuna desturi, na desturi inatambua pazia. Ukishalichomeka unaweza kurudi hemani ukalale hadi saa ya chakula, na hakuna mtu atakayeligusa, hata kama ndani hamna kitu isipokuwa mchanga. Kuhusu mtu aliyeketi bila pazia, desturi haisemi lolote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu wa nchi hii angekuja ufukweni alfajiri bila pazia. Kwa desturi Radek alikuwa na haki. Kwa kutangulia, bibi alikuwa nayo. Nisingependa kuwa hakimu.

"Ni kwa ajili ya mtoto," Radek akasema hatimaye.

"Kila mtu pwani hii ana mtoto. Siku moja mtu alinisogeza kwa ajili ya mtoto, kumbe mtoto mwenyewe ana ndevu."

"Wa kwangu ni wa kweli."

"Na wa kwangu ni wa plastiki?"

Hapo kila mmoja alibakiwa na sentensi moja tu ya kusema, na hakuna aliyeisema. Radek aliona haya kumweleza mgeni kwamba amekatisha usingizi kwa ajili ya mapatano ya watoto. Bibi naye alikuwa ameapishwa na mjukuu wake kwamba ile ni siri, na alikuwa mtu wa kutunza siri. Basi bibi akachukua kijiko cha chai, akainama, na kuchora mstari mchangani, kutoka upande mmoja wa duara hadi mwingine.

Mimi na Kalina tulifika ukungu ulipokuwa unaondoka. Tulikuwa na maandazi ya beri kutoka kibanda cha kambini, yale makubwa yanayopasuka kila mahali na kuacha midomo ya zambarau. Kalina hakula lake. Alilifunga kwenye karatasi, mbali na mengine.

Radek alikuwa ameketi wima, amekumbatia magoti, kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu.

"Usivuke," akaninong'oneza.

"Nini?"

"Mstari."

Bibi alinitazama, akamtazama Kalina. "Huyu ndiye mtoto?"

"Ndiye," nikasema. "Habari za asubuhi, mama."

"Angalau hana ndevu. Mimi naitwa Ludwika. Nusu hii ni ya watu wangu, wako njiani. Mkwe wangu akifika atang'oa miti yenu yote, nawaambia mapema msije mkasema sikuwaonya. Ni mtu mkubwa sana."

"Mkubwa kiasi gani?" Radek akauliza.

"Haingii mlangoni bila kuinama."

Radek akaitazama miti yake.

Kalina hakusikiliza hata neno. Alikuwa ameshalifungua koleo kutoka kwenye taulo na kusimama kwenye pengo la pazia, mgongo wake kwetu, uso kwenye njia inayoshuka kutoka matutani. Watu walikuwa wakimiminika: baba wenye miavuli na mapazia begani, akina mama wenye mikoba ya chakula, watoto waliovaa maboya ya mikononi tangu kambini. Kila msichana mwenye nywele fupi kama za Tosia alimfanya anyanyuke kwenye vidole. Kisha akashuka.

"Unamngoja nani, mwanangu?" Bibi Ludwika akauliza.

"Siri."

"Vizuri. Siri ni siri," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na upole. "Hata mimi ninayo moja."

Bendera nyeupe ya mwokoaji, ile ya ruhusa ya kuogelea, ilikuwa juu, bahari imetulia. Radek aliingia majini, akatoka akitetemeka, akatangaza kwamba maji ni ya moto. Huo ni uongo anaousema kila mwaka. Mwuza mahindi alipita akiimba, "Mahindi, mahindi ya moto, asiye na meno nampa yenye siagi!" Tulinunua. Kalina alikula akiwa amesimama, akizungusha gunzi bila kulitazama, macho njiani. Hakwenda majini. Nilimwambia kwamba mimi nitaangalia njia badala yake.

"Wewe humjui vizuri," akasema.

"Nilimwona kwa muda mrefu mwaka jana."

"Ulikuwa unasoma kitabu, mama."

Ilikuwa kweli.

Upande wa pili wa mstari, Bibi Ludwika alikuwa amenunua kichwa kizima cha alizeti, kikubwa kama sahani, na alikuwa aking'oa mbegu moja moja, anatafuna, na kutema maganda ndani ya ndoo ndogo ya njano aliyoitoa mkobani. Alifanya hivyo kwa unadhifu mkubwa, bila ganda hata moja kuangukia mchanga. Ndoo sikuitilia maanani. Ndoo za njano pwani ile ni nyingi kuliko shakwe. Nilichokitilia maanani ni kwamba, baada ya kila mbegu kadhaa, naye alikuwa akiinua uso na kutazama njia.

"Watu wako wamechelewa," nikasema.

"Wanakuja na gari."

"Jumamosi? Na gari?"

"Niliwaambia! Nikawaambia, pandeni treni kama mimi, jana nimefika nimelala kama malkia. Lakini mkwe wangu ana gari, na mtu mwenye gari anashauriwa kitu?"

Nilijua maana yake. Jumamosi ya Agosti nusu ya nchi inakwenda baharini na nusu nyingine inarudi, na wote wanakutana kwenye barabara moja.

"Umewapigia simu?"

"Simu nimeiacha chumbani. Mchanga unaua simu."

"Namba yao unaikumbuka?"

"Kwani mimi ni posta?"

Jua lilivuka upande wa pili. Watu waliokuja mapema walianza kupangusa miguu ya watoto wao. Nilianza kumwandaa Kalina. Nadhani nilifanya vizuri, kwa sauti ya kawaida, bila huruma ya kupita kiasi: nilimwambia kwamba mwaka ni muda mrefu, kwamba wazazi hubadili mipango na hawawaulizi watoto, kwamba mtu anaweza asije na bado akawa rafiki mzuri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Andazi alilolitunza lilikuwa limelowesha karatasi yake na kuipaka rangi ya zambarau.

"Bado ni Jumamosi, mama," akasema.

Nikampangusa zambarau vidoleni.

Radek hakuweza kuvumilia. Akasema anakwenda kununua gofri, zenye krimu na beri, za kila mtu, na akaondoka kwa kasi ya mtu anayekimbia, ingawa foleni ya gofri saa ile ilikuwa inafika kwenye ngazi. Kabla ya kuondoka alimgeukia Bibi Ludwika, akasita, akauliza, "Na wewe, mama? Krimu?"

"Krimu bila beri. Na usidhani umenunua nafasi."

Alipoondoka, bibi alimaliza kichwa chake cha alizeti. Akachukua mfuko wa taka, akaikamata ndoo, akaigeuza chini juu kumwaga maganda, akaipiga piga kitako kwa kiganja.

Kitakoni kulikuwa na herufi mbili, K na M, kwa wino mweusi mzito. K yenye mkia mrefu. Ni K ninayoiandika kila siku kazini kwenye vichupa vya dawa, na wino ni ule usiofutika kwa maji wala spiriti. Niliziandika herufi zile mwenyewe, za jina la Kalina na la ukoo wetu, kwenye meza ya jikoni kwetu, mwaka uliotangulia.

Nilijiuliza kwanza kama ningeweza kuwa nimekosea. Sikuwa nimekosea.

"Bibi Ludwika," nikasema, "mjukuu wako anaitwa Tosia?"

Akaacha kuipiga ndoo. "Nani kakwambia?"

"Ndoo."

Alitazama kitako cha ndoo, akanitazama mimi, akamtazama Kalina aliyesimama na koleo jekundu kwenye pengo la pazia. Niliona jambo likipita usoni mwake taratibu, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Ngoja," akasema. "Yule mwenye siri. Anamngoja Tosia wangu?"

"Tangu Mei."

"Na mumeo amekuja usiku usiku kuwashikia nafasi hawa watoto?"

"Ndiyo."

"Na mimi nimekuja usiku usiku kuwashikia nafasi hawa watoto." Akaiweka ndoo chini. "Yaani tangu alfajiri nailinda nafasi hii isichukuliwe na..."

"Na sisi."

Alianza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika, mpaka kofia ya sufi ikamfunika macho. Kisha akanyoosha mguu na kuufuta mstari kwa kisigino, mwanzo hadi mwisho, kwa makini, kama mtu anayefuta ubao.

Kalina tulimwita. Nilimpa ukweli kama ulivyokuwa: kwamba ndoo ni yake, kwamba huyu ni bibi yake Tosia, kwamba Tosia yuko kwenye gari barabarani, na kwamba hatujui atafika leo au la. Nilisisitiza hilo la mwisho.

"Nilijua," akasema. Akaichukua ndoo, akachungulia ndani. "Ina maganda."

"Hayo ni yangu," Bibi Ludwika akasema. "Nitaiosha. Njoo ukae hapa, unichungulie njia; macho yangu yamechoka."

Radek alirudi na gofri mikono miwili, krimu imemfika kwenye kiwiko. Alisimama pale mstari ulipokuwa.

"Nani amefuta mstari?"

"Mimi," bibi akasema. "Kaa chini, gogo, nikueleze."

Alielezwa. Krimu ilimdondokea gotini. Kisha akasema jambo ambalo mimi, kwa elimu yangu yote, sikulifikiria.

"Kwa hiyo wamekumbuka," akasema. "Wamemtuma mtu kabisa na kiti."

Tuliendelea kungoja. Saa ya kurudi ilifika na kupita. Pwani ilifunguka kidogo kidogo: pazia la kushoto likang'olewa, la kulia, la mbele, mpaka tukaona mchanga, kisha tukaona mchanga mwingi. Mwokoaji aliteremsha bendera, akafunga kibanda chake. Upepo uligeuka ukawa wa baridi. Bibi Ludwika alilikata blanketi lake la kahawia kwa haki, nusu kwake na nusu kwa Kalina, bila mkasi, kwa kumvuta tu mtoto ubavuni. Pazia letu lilibaki peke yake ufukweni, duara pana, mbele ya nguzo iliyoinama na shakwe wake. Hata mtu mwenye macho mabovu angetuona kutoka juu ya matuta.

Na kutoka juu ya matuta kichwa cha mamba kikatokea.

Kiliyumba, kikashuka, nyuma yake kukawa na miguu. Mbele ya mamba alikuwa msichana anayekimbia mteremko ule laini kwa namna ambayo kila mtu huanguka, naye akaanguka, akainuka. Kalina alisimama. Blanketi likamdondoka. Nilitarajia angekimbia kumlaki. Hakukimbia, na Tosia naye, alipofika kwenye pengo la pazia, akasimama. Walitazamana. Mwaka ni muda mrefu. Hapo nilikuwa sahihi. Tosia alikuwa amekua nusu kichwa kumpita mwenzake, na alikuwa amevaa miwani.

"Una miwani," Kalina akasema.

"Ndiyo. Una koleo langu."

"Ndiyo. Ndoo ilikuwa na maganda."

"Ni bibi huyo."

Kalina akachukua kile kilichokuwa andazi, bapa, zambarau ndani na nje, akalipasua katikati, na kumpa nusu iliyo kubwa. Walikula. Walipomaliza kulamba vidole walikwenda ukingoni mwa maji, mahali ambapo mchanga umelowa na unashika, na wakaanza kuchimba. 

Baba yake Tosia alifika akihema. Ni mtu mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu. Anaitwa Błażej, na angeweza kupita mlango wowote wa nchi hii akiwa na kofia ndefu kichwani. Radek alimtazama, akamtazama Bibi Ludwika.

"Nilisema mkubwa," bibi akasema. "Sikusema wapi."

Błażej alikuwa na mamba bega moja na pazia jipya la upepo bega la pili, bado limefungwa na kamba ya dukani. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Ufukwe ulikuwa mtupu hadi mwisho wa macho. Nilimwonea huruma: alikuwa amekaa garini siku nzima akiifikiria kazi ya kulisimika.

"Sasa hakuna haja," akasema kwa huzuni.

"Haja ipo," Radek akamwambia, na kumpa nyundo. "Upepo huu. Anzia hapa, tuyaunganishe."

Wakaenda kupigilia, wakishindana kwa maneno kuhusu pembe ya mti na kina cha kuuzamisha, kwenye pwani isiyo na mtu mwingine wa kuwanyang'anya nafasi. Bibi Ludwika alihamisha kiti ili awasimamie.

Mama yake Tosia alikaa karibu nami. Nilimpa gofri iliyobaki, baridi, krimu imelala. Alisema anaitwa Dobrawa, na kwamba Tosia alikuwa amekataa kushuka garini hata kwenda chooni, asije akawachelewesha.

"Wangu hakuingia majini," nikasema.

"Mwaka jana tuliwaita watu wa kitabu," akasema. "Samahani."

"Sisi tuliwaita watu wa mamba."

Nikatoa simu. Nilikuwa nimeungojea wakati huo kwa mwaka mzima, na sikukusudia kuondoka ufukweni bila namba. Alinisomea yake, nikampigia ili apate yangu. Ndipo akaitazama ile miti, na wanaume wawili waliokuwa wamepiga magoti mchangani wakibishana, na mama yake aliyekuwa akiwaambia wote wawili kwamba hawajui kitu.

"Mwakani nakuja saa ambayo hata shakwe hajaamka!" Bibi Ludwika alikuwa akisema. "Na pazia ninalo! Tuone nani atamfungia nani!"

"Mama, mwakani mimi nalala hapahapa," Radek akajibu. "Ndani ya duara!"

"Tukiwaambia kwamba tuna namba," Dobrawa akasema polepole, "nani ataamka?"

Nilifikiri. Kwa simu mbili, nafasi isingekuwa na kazi yoyote. Tungepanga, tungekutana popote, wakati wowote, na kila mtu angelala hadi saa ya chai. Radek asingechonga miti jioni ya kuamkia siku hiyo. Bibi asingepanda treni na kiti.

Chini, ukingoni mwa maji, shimo la wasichana lilikuwa limefika magotini na bahari ilikuwa inaanza kuingia. Namba nikaihifadhi bila kumwambia mtu, kwa jina la Mamba; Radek akiliona ataelewa, na hatauliza.